Mtazamaji Haoni Tabaka

Saa mbili kasoro usiku, ukumbi wa harusi Mbezi Beach, bi harusi anaingia. Kamera ya kati imemkamata vizuri, mwanga umetulia, mshereheshaji kanyamaza. Chini ya picha, majina ya maharusi yalitakiwa yafunguke kutoka kushoto kwa ile rangi ya dhahabu ambayo kamati ilibishania wiki mbili. Nikabonyeza. Badala ya majina, juu ya shela la bi harusi kikatokea kisanduku cheupe: andika barua pepe, andika neno la siri, ingia. Kilikaa pale kama sekunde 40, huku ndugu wa Dar es Salaam, Mwanza, Muscat na Minneapolis wakitazama kwenye YouTube.

Ule utepe wa majina ulikuwa ukurasa wa wavuti. Ulikuwa umehifadhiwa kwenye seva za kampuni moja ya huduma za grafiki, muda wangu wa kuingia ukawa umekwisha, na ukurasa ukafanya kama kurasa zote zinavyofundishwa: ukamtaka mtumiaji ajitambulishe upya. Hakuna kilichoharibika. Kila kitu kilifanya kazi kilivyoundwa, ila kiliundwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele ya kompyuta mwenye muda wa kusoma na kubofya. Bi harusi hakuwa na muda huo.

Siku hizi grafiki nyingi unazoziona juu ya picha za mubashara, kuanzia jina la mchungaji kwenye ibada hadi ubao wa magoli na matokeo ya uchaguzi, zinatengenezwa kwa teknolojia ileile ya tovuti: HTML, CSS na JavaScript. Swali la kama kivinjari kinafaa kuwa mtambo wa utangazaji limekwisha kujibiwa na mafundi wenyewe, kwa sababu wanakitumia kila siku. Lililobaki ni gumu zaidi. Kivinjari kimezaliwa na tabia zake, na tabia hizo zinapanda hewani pamoja nacho.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi. Ndani ya OBS Studio, programu huria ya kurusha video mubashara iliyoanzishwa mwaka 2012 na Lain Bailey, kuna chanzo kinachoitwa kivinjari. Unakipa anwani ya ukurasa na vipimo vyake, nacho kinaufungua ukurasa huo kimyakimya bila dirisha, kinauchora kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha kinaukabidhi kwa OBS fremu kwa fremu. Injini iliyomo ni Chromium, ileile iliyo ndani ya Chrome, ikiwa imefungashwa ili iweze kupachikwa ndani ya programu nyingine. Kila pikseli inakuja na namba nne: nyekundu, kijani, buluu, na ya nne inayoitwa alfa, inayosema pikseli hii izibe kiasi gani na ipitishe kiasi gani. Ukurasa usio na rangi ya nyuma unakuwa kama kioo. Ukiandika jina kwenye kioo hicho, jina linakaa na kilichobaki kinapitisha picha ya kamera.

Ukibaki ndani ya kompyuta moja, hapo kazi imekwisha. Shida inaanza grafiki zinapotakiwa kutoka nje ya kompyuta kwenda kwenye swicha, mtambo wa kuchagua na kuchanganya picha za kamera. Waya wa HDMI haubebi alfa. Vituo vikubwa hutumia nyaya mbili za SDI, mmoja ukibeba rangi na mwingine ukibeba ramani nyeupe na nyeusi ya wapi pazibwe na wapi papite. Sisi wa harusi na ibada, wengi wenye swicha ndogo za aina ya ATEM Mini, ambayo ilipotoka mwaka 2019 iliuzwa dola 295, tunaweka ukurasa wenye rangi ya kijani nyuma na kuiambia swicha iifute. Inafanya kazi, lakini kila kivuli laini unachokichora kinarudi na ukungu wa kijani pembeni, na ndiyo maana grafiki za watu wengi hapa kwetu hazina vivuli. Huo ni mtindo uliozaliwa na waya.

Hata mwenye nyaya mbili ana mtego wake. Kivinjari hutoa rangi ambazo tayari zimezidishwa kwa alfa. Swicha isiyojua hilo huzidisha mara ya pili, na herufi zote zinavikwa pindo jeusi, kama kitambaa kilichoungua ukingoni. Nimeona watu wakibadilisha fonti usiku kucha kutafuta dawa ya pindo hilo, na dawa yenyewe ni kitufe kimoja kwenye menyu ya swicha.

Wazo la kuweka maandishi juu ya picha ni kongwe kuliko kompyuta. Kituo kiliandika herufi nyeupe kwenye kadi nyeusi, kamera ya pili ikaitazama kadi, mtambo ukautupa weusi na kubakiza weupe. Baadaye zikaja mashine za kuandika herufi kwa umeme, na kampuni ya Chyron ya Marekani ikashika soko kiasi kwamba jina lake likageuka kuwa neno la kawaida huko kwa utepe wa maandishi. Mashine hizo zilikuwa mali ya kituo. Hazikuwa za mtu. Aliyejua kuzitumia aliajiriwa na kituo, na akiondoka, ujuzi wake haukuwa na pa kwenda isipokuwa kituo kingine.

Mlango ulifunguliwa sehemu mbili, na kila upande ulikuwa na watu wake. Sweden, shirika la utangazaji la umma SVT lilijitengenezea mfumo wake wa grafiki, CasparCG, ukaanza kutumika hewani mwaka 2006, na mwaka 2008 likautoa bure pamoja na msimbo wake wote. Violezo vyake vya mwanzo vilitengenezwa kwa Flash. Upande wa pili walikuwa vijana wanaorusha michezo ya kompyuta kutoka vyumbani mwao. Hao hawakuwa na kituo wala mkuu wa mitambo. Walitaka mtu akituma senti zake kuwachangia, jina lake liruke juu ya picha papo hapo na kengele ilie. Kilichoweza kupokea taarifa kutoka kwenye mtandao na kuichora kwa nusu sekunde ni ukurasa wa wavuti, na ndiyo sababu chanzo cha kivinjari kimekuwa kitu cha kawaida kwenye programu za kurusha laivu. Anayeonyesha leo jumla ya michango ya harambee ya ujenzi wa kanisa ikipanda shilingi kwa shilingi anatumia zana iliyobuniwa kwa ajili ya wacheza gemu, na sidhani kama mzee wa kanisa angefurahi kulijua hilo.

Kisha Flash ikafa. Adobe, mmiliki wake, ilitangaza Julai 2017 kwamba itaiacha, na tarehe 31 Desemba 2020 ikaiacha kweli. Kila kituo kilichokuwa na mamia ya violezo vya Flash kilipewa miaka mitatu na nusu ya kuhama, na pa kuhamia palikuwa pamoja tu, kwenye HTML. Ninaona tukio hilo lina uzito kuliko uvumbuzi wowote, kwa sababu liliwakutanisha watu wa SVT na watu wa vyumbani kwenye injini moja. Tangu hapo kijana wa Kariakoo anayejua kutengeneza tovuti ya duka anaweza kutengeneza utepe unaochezwa na mtambo uleule wa kituo cha taifa cha Ulaya.

Kuna faida moja ambayo naisikia ikitajwa kidogo sana, nayo ni maandishi yenyewe. Mashine nyingi za zamani zilijengwa na watu wanaoandika kwa herufi za Kilatini, na ukiziingizia Kiarabu zilitoa herufi moja moja zilizotengana, tena kwa mpangilio wa kinyume, kama shanga zilizomwagika. Kwa ukanda wetu hilo si jambo dogo. Katika mashindano ya kuhifadhi Qur'ani yanayofanyika Dar es Salaam wakati wa Ramadhani, au maulidi yanayorushwa kutoka Lamu, aya na majina lazima yaandikwe kwa Kiarabu sahihi au yasiandikwe kabisa. Chromium hutumia maktaba ya HarfBuzz kuunganisha herufi, na kazi hiyo huifanya kwa lugha nyingi za dunia kwa sababu tovuti za dunia nzima zinaihitaji. Fundi wa grafiki anaandika tu kwamba mstari huu unasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kazi ya miaka mingi ya watu wa fonti anaipata kwa neno moja.

Kiswahili nacho kina lake. Jaribu kuweka kwenye utepe mmoja: Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Kiolezo kilichochorwa kwa ajili ya cheo kifupi cha Kizungu kitaukata Utawala Bora katikati, na simu ya ofisa habari itaingia kabla kipindi hakijaisha. Ukurasa wa wavuti unaweza kuupima mstari kabla ya kuuonyesha, ukiona umezidi upana unapunguza herufi kidogo au unauvunja mistari miwili. Mistari mitano ya JavaScript inatosha. Wengi hawaiandiki, kwa sababu wanajaribu kiolezo kwa jina la kubuni lenye herufi kumi.

Sasa upande wa tabia mbaya, na ya kwanza ni muda. Kivinjari huchora kinapoweza. Tovuti ikichelewa robo sekunde hakuna anayeshtuka, ila picha ya mubashara ina mwendo wake usiosubiri. Kwetu, ambako umeme ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kamera nyingi za kitaalamu huwekwa kwenye fremu 25 au 50. Kwa 50, kila fremu ina milisekunde 20 tu. Ukisogeza kisanduku kwa kubadilisha nafasi yake ya kushoto au upana wake, kivinjari kinalazimika kuupanga upya ukurasa kila fremu, na kwenye laptopu ambayo wakati huohuo inabana video na kuituma YouTube, milisekunde hizo hazitoshi. Utepe unaingia kwa kigugumizi. Ukisogeza kitu kilekile kwa amri ya transform, kadi ya grafiki inalisogeza tabaka lililokwisha kuchorwa na hakuna kinachopangwa upya. Tofauti hiyo kwenye tovuti ni ya wanazuoni, lakini hewani inaonekana hata kwa bibi.

Maandishi ya habari yanayopita chini ya skrini ndiyo mtihani mkali kuliko yote, kwa sababu jicho linayafuata. Tuseme yanakwenda pikseli 150 kwa sekunde. Kwa fremu 50 ni pikseli 3 kila fremu, kwa 25 ni 6, kwa 30 ni 5. Kwa fremu 60 ni pikseli 2 na nusu, na nusu pikseli haipo: herufi zinatetemeka, mara nene, mara nyembamba. Mtu atalaumu kompyuta, atanunua nyingine, na herufi zitaendelea kutetemeka. OBS usipoigusa huanza na fremu 30, kamera zako ziko kwenye 50, na hesabu ya utepe uliinakili kwa mtu aliyetumia 60. Hapo umeshapoteza mwendo laini kabla hujawasha taa.

Saa ya mechi ni mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu kosa lake ni la kibinadamu. Anayeanza huandika saa inayoongeza moja kila sekunde. Inaonekana sawa kabisa mezani. Ila amri ya kusubiri sekunde moja kwenye kivinjari maana yake ni kusubiri sekunde moja au zaidi kidogo, na vivinjari pia hupunguza mwendo wa hesabu hizo ukurasa usipoonekana ili kuokoa umeme. Vichelewesho vinajumlishana. Mwamuzi anapuliza mapumziko, ubao wako unasema dakika ya 44. Saa inayofaa haihesabu chochote: inakumbuka mpira ulianza saa ngapi, na kila inapochora inatoa wakati huo kwenye wakati wa sasa. Hata ikisimama sekunde tatu, ikiamka iko sahihi.

Kwenye mipangilio ya chanzo cha kivinjari cha OBS kuna visanduku viwili vya kutiki: kimoja kinazima ukurasa usipoonekana, kingine kinaupakia upya kila mandhari inaporudi. Vinaokoa nguvu ya kompyuta. Pia vinafuta kumbukumbu. Timu ya mtaani inaongoza 2 kwa 1, unakwenda kwenye tangazo la mdhamini, unarudi, ubao unasoma 0 kwa 0. Nimekuwepo. Mashabiki walidhani magoli yamekataliwa. Ndipo nikaelewa kwamba ukurasa unaoonekana haufai kuwa mwenye kukumbuka chochote, matokeo yakae kwingine, ukurasa uje kuyauliza kila unapozaliwa. NodeCG na mifumo mingine ya huria imejengwa juu ya wazo hilo: seva ndogo kwenye kompyuta moja inashika ukweli, na kurasa zote, za kuonyesha na za kuendesha, zinausikiliza. Kijana aliyekaa pembeni ya uwanja anafungua ukurasa wa kuendesha kwenye simu yake kupitia ruta isiyo na intaneti yoyote, anabonyeza goli, na ubao unabadilika. Hakuna bando linalotumika.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji. Huduma za grafiki za wingu, Singular.live ikiwa mojawapo inayojulikana, zinauza jambo la kweli: mchoraji yuko Nairobi, mwendeshaji yuko Kampala, mechi iko Kigali, na hakuna aliyebeba mashine. Kwa kituo chenye nyaya mbili za intaneti kutoka kampuni mbili, ni mpango mzuri. Kwa anayerusha harusi kwa modemu ya simu, huo ni mzigo wa pili kwenye kamba ileile inayobeba picha. Intaneti ikiyumba, YouTube ina akiba ya sekunde kadhaa na mtazamaji huenda asijue. Grafiki hazina akiba. Na mara nyingi kamba imefichwa mahali usipopategemea: ukurasa uko kwenye kompyuta yako, lakini mstari mmoja wa juu unaagiza fonti kutoka Google. Siku intaneti inaposinzia, majina ya maharusi yanatoka kwa Times New Roman.

Tabia ya pili ya kivinjari ni kuamini. Kikipewa maandishi yenye alama za HTML ndani yake, kitazitekeleza. Ukichukua maoni ya watazamaji na kuyamwaga kwenye ukurasa jinsi yalivyo, siku moja mtu mwenye muda mwingi ataandika maoni yenye amri ya kuleta picha anayoitaka yeye, na picha hiyo itakaa juu ya mahubiri. Dawa ya kiufundi ni fupi, kuyapokea kama maandishi tu. Kwa matusi ya kawaida hakuna dawa ya kiufundi. Anahitajika mtu wa kuyasoma kwanza.

Lakini data inayoaminiwa bila kuulizwa ina hatari kubwa kuliko matusi, na mfano mkubwa kuliko wote katika kanda yetu uko Kenya. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ulikuwa na matokeo ya awali yaliyotumwa kwa mtandao na kuonyeshwa kwenye skrini kubwa za ukumbi wa Bomas, Nairobi, na runinga zikayapeleka nchi nzima. Kura zilizokataliwa zikapanda, zikapita 300,000. Wachambuzi studioni wakazichambua. Wanasheria wakaanza kujadili kama zihesabiwe katika kutafuta asilimia 50 jumlisha moja, kwa sababu zikihesabiwa, mgombea anayeongoza angeweza kukosa ushindi wa duru ya kwanza. Baadaye tume ya uchaguzi ikaeleza kwamba mfumo ulikuwa na kosa la programu: ulikuwa ukizizidisha kura zilizokataliwa kwa 8. Hesabu ya mwisho ilikuwa kama 109,000.

Nikilitazama tukio hilo kama fundi, linalonitisha ni kwamba grafiki hazikuwa na kosa. Rangi zilikuwa sawa, namba zilibadilika kwa wakati, hakuna kilichokwama. Namba isiyo sahihi ilipita kwenye kila bomba kwa usafi na kutua kwenye skrini ikiwa na sura ya heshima kuliko namba yoyote iliyoandikwa kwenye karatasi. Mtangazaji akisema kwa mdomo kura laki tatu, unamsikia mtu akisema. Skrini ikiandika, unaona jambo lenyewe.

Miaka tisa baadaye, Agosti 2022, tume iliweka fomu 34A za vituo vya kupigia kura kwenye tovuti yake ili kila mtu azione, na vituo vilikuwa 46,229. Zilikuwa picha za karatasi zilizoandikwa kwa mkono, kwa hiyo kila chombo cha habari kililazimika kuzisoma na kuziandika upya ili zipande kwenye grafiki zake. Kila chumba cha habari kilianza na fomu tofauti, kwa kasi tofauti. Jioni ileile, mtu akibadilisha chaneli aliona mgombea mmoja wa urais, William Ruto, akiongoza hapa na mpinzani wake, Raila Odinga, akiongoza pale, kwa namba kubwa, kwa rangi nzuri, kila kituo kwa uhakika wake. Hakuna aliyedanganya. Walikuwa wamesoma sehemu tofauti za kitabu kimoja. Hofu ikapanda, baadhi ya vyombo vikapunguza mwendo, vikanyamaza, na nchi ikangoja hadi tarehe 15 Agosti kumsikia mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, akitangaza kura 7,176,141 za Ruto dhidi ya 6,942,930 za Odinga.

Kilichokosekana kwenye skrini zile ni kitu ambacho ukurasa wa wavuti unakiweza bila jasho: kusema umri na asili ya namba yake. Fomu ngapi zimeingia kati ya 46,229, kutoka kaunti zipi, mara ya mwisho ni saa ngapi. Vipo vituo vilivyoandika idadi ya fomu, lakini kwa herufi ndogo kabisa, pembeni, kama masharti ya bahati nasibu. Mchoraji anapewa maelekezo ya kuifanya namba kubwa ionekane, na anaitii kazi yake. Kwa maoni yangu ukurasa wa matokeo usiokuwa na saa ya mwisho ya kusasishwa usipewe ruhusa ya kupanda hewani, na data ikikaa dakika tano bila kusogea, rangi ya namba ififie yenyewe. Ni kazi ya mchana mmoja. Inahitaji mtu chumbani mwenye cheo cha kutosha kusema haipandi.

Mambo ya vipimo nayapita haraka. Mwongozo wa Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, EBU, unaoitwa R 95 unataka maandishi yakae angalau asilimia 5 kutoka kila ukingo, yaani pikseli 96 pembeni na 54 juu na chini kwenye picha ya 1920 kwa 1080. Mstari wa pikseli moja humeta kwenye runinga za mfumo wa nusu fremu, tumia wa pikseli mbili. Na kwa kuwa watazamaji wetu wengi wako kwenye simu, herufi iliyoonekana nzuri kwenye kioo cha inchi 24 mezani kwako ni mchwa kwenye kiganja cha mtu. Itazame kwa simu kabla hujaisifu.

Kuna habari njema kuhusu umiliki. Hadi juzi, kiolezo kilichotengenezwa kwa CasparCG hakikucheza kwenye mfumo mwingine bila kuandikwa upya, ingawa vyote ni HTML, kwa sababu kila mfumo una amri zake za kusema ingia, badilika, toka. Mwaka 2025 Umoja huohuo wa EBU ulitoa kiwango huru kiitwacho OGraf. Kinaeleza namna moja ya kuandika grafiki ya HTML pamoja na faili dogo linalotaja inahitaji data gani na inaweza kufanya nini, ili mfumo wowote unaokifuata uweze kuicheza. Kwa kituo cha Ulaya ni suala la kutofungwa na muuzaji mmoja. Kwa mtu wa Sinza mwenye laptopu moja ni soko: anaweza kuchora ubao wa magoli leo na kuuza kwa kituo ambacho hajui kina mashine gani. Kama kitafuatwa na wauzaji wakubwa, hilo litategemea wanunuzi wanavyodai, na vituo vyetu vina haki ya kulidai kwenye zabuni kama vinavyodai dhamana ya mwaka mmoja.

Mimi nimebaki na desturi moja. Kurasa zangu zote sasa ziko kwenye laptopu, fonti zake kando yake, picha zake kando yake. Saa moja kabla ya shughuli, kila kitu kikiwa kinachezwa, nachomoa waya wa intaneti na kukaa dakika kumi nikitazama grafiki pekee. Mteja akiingia wakati huo huwa anashangaa kuona fundi aliyelipwa amekunja mikono. Namwambia nasikiliza. Kinachotoweka ndani ya dakika hizo kumi ndicho kilichokuwa cha mtu mwingine.

Usiku ule wa Mbezi, baada ya kisanduku cheupe kuondoka na majina kuingia kwa rangi yake ya dhahabu, nilidhani watazamaji wamekichukulia kama hitilafu na wakasahau. Kesho yake mama wa bi harusi alinipigia. Hakulalamika. Alitaka kujua kama shangazi yao wa Muscat alifanikiwa kuingia, kwa sababu alikuwa ameona fomu juu ya picha, akadhani familia imeweka utaratibu wa kujiandikisha, akakaa akigusa kioo cha simu yake akitafuta pa kuandikia neno la siri, hadi bi harusi alipokwisha kufika mbele na kuketi.